Postikadi ya mkono imerudi, imejikunja au haikufika: tafuta kosa hapa

Postikadi husafiri uchi. Barua ina bahasha ya kuifunika, lakini kadi itasuguana na kadi nyingine, itapita kwenye mikanda ya mashine, itagongwa muhuri, italala ndani ya mfuko wenye joto au unyevu, kisha itasukumwa kwenye mwanya wa sanduku. Kwa hiyo mengi tunayoilaumu posta yalikwisha haribika mezani, siku mkasi na gundi vilipokuwa mikononi mwetu. Nimetengeneza kadi kwa miaka kadhaa, na ninakiri nimeilaumu posta mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Chini yake sababu zimepangwa kuanzia ile inayojirudia sana hadi ile ya nadra. Usirukie ya mwisho kabla hujaiondoa ya kwanza.

Kadi imerudi kwako mwenyewe

Kabla ya yote, igeuze uisome. Mara nyingi posta hugonga muhuri au hubandika kijikaratasi kinachotaja sababu: ada haikutosha, anwani haijulikani, mpokeaji amehama. Kuna watu hukasirika wakakitupa kijikaratasi hicho, kisha wakaanza kubahatisha.

Kama hakuna alama yoyote, shuku anwani mbili. Ya mpokeaji uliiandika kulia, yako ukaiweka kushoto, zote kwa ukubwa mmoja, na yako pengine iko chini zaidi. Mashine ya kuchambua barua haimjui mtumaji wala mpokeaji. Inatafuta tu mistari iliyokaa kama anwani, na ikiona mafungu mawili inaweza kuchagua lile lisilotakiwa. Kadi yangu moja iliwahi kunirudia siku ya pili ikiwa na muhuri safi kabisa, nikadhani kuna mtu ananitania. Kumbe anwani yangu niliiandika chini kushoto kwa herufi kubwa za kujivunia. Siku hizi naiandika ndogo, juu kabisa kushoto, mstari mmoja au miwili, na kutanguliza neno "Kutoka".

Sababu ya pili ni ujumbe uliovuka mpaka. Nusu ya kulia ya upande wa anwani ni ya anwani na stempu peke yake. Piga mstari wa wima katikati kwa rula kabla hujaandika neno lolote, maana mkono ukishanogewa na habari hausimami wenyewe. Zamani walibanwa zaidi: upande huo ulikuwa wa anwani tu, na ujumbe ulilazimika kujibana pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande huo ugawanywe mwaka 1902, Marekani mwaka 1907. Vilevile acha ukanda mtupu wa kama milimita 15 chini kabisa ya upande huo. Posta nyingi huchapa hapo mistari midogo ambayo mashine zinazofuata huisoma. Ukipachora maua, mistari hiyo haisomeki.

Ya tatu ni ada pungufu. Kadi uliyoipima kwa macho ukaiona ndogo huenda posta wakaihesabu kuwa barua (tazama dalili ya ukubwa hapo chini). Ipeleke kwa karani aipime badala ya kuitumbukiza sandukuni.

Ya nne ni anwani yenyewe. Iandike kama inavyoandikwa kule iendako, si kama mnavyoandika kwenu. Kuna nchi ambako namba ya nyumba huja baada ya jina la mtaa, na kuna ambako msimbo wa posta hutangulia jina la mji. Mwombe mpokeaji akutumie picha ya anwani yake kama ilivyoandikwa kwenye barua aliyowahi kupokea, kisha unakili herufi kwa herufi. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho, peke yake, kwa herufi kubwa, kwa lugha ambayo watu wa posta ya kwenu wanaielewa. Usifupishe. NIGER na NIGERIA zinatofautiana kwa herufi mbili tu, AUSTRIA na AUSTRALIA ndugu zao, na Kongo ziko mbili.

Je, uitume tena? Ukikuta kosa ni la anwani mbili, njia ya haraka ni kuiweka ndani ya bahasha mpya na kulipia upya. Kufutafuta na kuandika juu ya maandishi ya zamani huongeza vurugu.

*Simama hapa:* ikirudi mara mbili kwa anwani ileile, usijaribu mara ya tatu. Nenda dirishani ukamuulize karani. Huenda huduma ya kwenda nchi hiyo imesitishwa kwa muda, na hilo gundi yako haiwezi kulitibu.

Haikufika, wala haikurudi

Mara nyingi jibu ni kwamba haijachelewa bado. Kadi ya kawaida haina namba ya kufuatiliwa, na ikivuka bahari inaweza kuchukua wiki kadhaa. Weka daftari, au ipige picha pande zote mbili na uandike tarehe ya kuituma. Bila hivyo kila kadi huonekana imechelewa.

Linalofuata ni kukosa anwani ya kurudishia. Kadi isiyofikishika na isiyo na mtumaji haina pa kwenda. Wapo wasioiandika kwa sababu inaharibu urembo, nami nawaelewa. Lakini wajue wanacheza kamari.

Mara chache kadi imepotea kweli. Iliteleza ikajificha ndani ya gazeti la mtu mwingine, au iliraruka mashineni, au mtu njiani aliipenda. Huwezi kuifuatilia. Kadi ambayo moyo wako hauwezi kuachana nayo itume kwa rejista, ndani ya bahasha.

Posta wameikataa, au mpokeaji ametozwa ada ya ziada

Chukua rula. Kwa mujibu wa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, kadi inayovuka mpaka isipungue milimita 90 kwa 140 na isizidi 120 kwa 235, na urefu wake uwe angalau mara 1.4 ya upana. Karatasi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, imo ndani ya mipaka hiyo bila wasiwasi. Kwa kadi za ndani ya nchi kila posta ina vipimo vyake, hivyo uliza mara moja, ukate kiolezo cha boksi gumu, ukitumie daima.

Baada ya ukubwa huja umbo. Kadi ya mraba, ya duara au ya umbo la moyo inapendeza mkononi na inasumbua mashineni, kwa sababu mashine hujua ipi ni juu na ipi ni ubavu kwa kulinganisha urefu na upana. Mraba hauna ubavu. Ndiyo maana, Marekani kwa mfano, bahasha ya mraba hutozwa nyongeza hata kama ni nyepesi.

Halafu unene. Kadi nyembamba mno hujikunja na kukwama, na nene mno haipindi kwenye mikanda. Manila ya gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba inatosha. Wanaopenda kubandika tabaka juu ya tabaka ndio huumia hapa: kila tabaka linaonekana jembamba peke yake, ukizijumlisha unapata kigae.

Mwisho, vitu vilivyochomoza. Vifungo, shanga, riboni, nta ya muhuri, pambo za kumetameta. Kadi inayosafiri bila bahasha haitakiwi kuwa na kitu kilichoinuka. Kitang'oka, na kinaweza kuchana kadi za wenzako. Kama huwezi kuishi bila kifungo chako, kitie kwenye bahasha, na umwombe karani ailipishe kama barua isiyopita mashineni.

*Simama hapa:* usibandike mbegu, majani makavu wala maua kwenye kadi ya kwenda nje ya nchi kabla hujauliza forodha au ofisi ya afya ya mimea. Nchi nyingi huzuia vitu vya mimea visivyo na kibali, hata kile kijani chembamba ulichokikausha ndani ya kitabu. Kipige picha, uchapishe picha.

Kadi imejikunja kama jani kavu

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nijifunze karatasi ni kitu gani.

Ilaze mezani na uangalie imeinama upande gani. Kama kingo zimeinuka kuelekea picha, mkosaji karibu kila mara ni gundi ya maji. Karatasi uliyoipaka gundi hunywa maji ikatanuka, ukaibandika ikiwa imetanuka hivyo, kisha ikakauka na kusinyaa ikiwa imeshikilia kadi. Inaivuta. Kadiri gundi inavyokuwa na maji mengi ndivyo mvuto unavyozidi.

Kama uliipaka rangi ya maji moja kwa moja bila kubandika kitu, karatasi yako ni nyembamba. Chini ya gramu 200 itapinda hata ukiibembeleza. Karatasi ya kuchorea ya gramu 300 huvumilia zaidi.

Kama kadi imejipinda kwa mshazari, kona moja juu na nyingine chini, sababu ni nyuzi. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala zaidi upande mmoja, nayo hutanuka kwa kukata nyuzi hizo, si kwa kuzifuata. Ukibandika karatasi mbili zenye nyuzi zinazopishana, kila moja itavuta kwake. Kujua nyuzi zimelala wapi, kunja karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio unaofuata nyuzi. Bandika zote zikielekea njia moja.

Sababu ya nadra ni mahali unapozihifadhi. Kadi zilizosimamishwa karibu na dirisha lenye unyevu hupinda zenyewe bila gundi yoyote.

Kuinyoosha, anza na njia nyepesi: iweke katikati ya karatasi mbili safi, juu yake vitabu vizito, uiache saa 24. Usichungulie. Ikikataa, chukua sponji iliyokamuliwa vizuri, ulowanishe kidogo sana upande uliobinuka, yaani mgongo usio na picha, kisha uirudishe chini ya vitabu kwa siku nyingine nzima. Mgongo ukikauka nao utasinyaa na kuvuta kinyume. Hatua ya tatu, ikiwa bado ni sugu, ni kubandika karatasi nyembamba upande wa nyuma ili pande zote mbili zivute sawa. Nyongeza hiyo nyuma ndiyo tiba ya kweli, na kwa kadi mpya ningekushauri uanze nayo.

Pasi? Inasaidia, ikiwa ya joto la chini, bila mvuke, na karatasi katikati. Lakini usiiguse kadi yenye nta, plastiki, tepu ya pande mbili au picha iliyotoka kwenye printa ya leza. Tona, yaani unga wa rangi wa printa hiyo, ni plastiki, itayeyuka na kugandamana na pasi.

*Simama hapa:* kama stempu imeshabandikwa, au picha ilichapwa kwa wino wa maji, usilowanishe chochote. Vitabu tu.

Picha imebanduka au ina malengelenge

Bonyeza kona kwa ukucha. Kona zikiinuka peke yake na katikati pameshika, hukufikisha gundi ukingoni. Paka kuanzia katikati kwenda nje, upitilize hadi kwenye gazeti ulilotandika chini, na gazeti hilo ulibadilishe kila kadi. Gundi ya kijiti inafaa ikiwa mbichi, ila ikishakuwa na ukoko hushika leo ikaachia wiki ijayo.

Malengelenge katikati ni hewa. Ukiwa bado na dakika chache, weka karatasi juu na usugue kwa ubavu wa rula kutoka katikati. Ikikauka, toboa lengelenge kwa sindano, sukuma tone la gundi kwa ncha ya kijiti, gandamiza.

Picha nzima ikitoka kama ganda, angalia ulichobandikia. Akriliki nzito, vanishi na kalamu za nta hazishikwi na gundi ya maji. Sugua taratibu kwa msasa laini kabla ya kubandika, au tumia tepu ya pande mbili.

*Simama hapa:* usitumie picha ya asili ya ukoo, ile iliyobaki moja. Tengeneza nakala. Kama ulikwisha ibandika na sasa unataka kuitoa, usivute wala usilowanishe. Mpelekee mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka na picha za kale.

Maandishi yamefutika au yamesambaa

Jaribu kwenye kipande kilichobaki: andika, subiri dakika kumi, pitisha kidole chenye unyevu.

- Wino wa jeli juu ya karatasi ya kung'aa haunyonywi. Umekaa juu tu, unasubiri mkono wa kuufuta. Andika kwa bolpeni, au kwa kalamu yenye wino wa pigimenti usiotoka kwa maji.
- Picha ya printa ya wino inayovuja ikipata tone moja ina wino wa rangi iliyoyeyushwa majini. Chapisha kwa wino wa pigimenti, au nenda dukani wakakuchapie kwa leza.
- Wino wa makapeni, zile kalamu nene, hupenya hadi upande wa pili. Hata manila nzuri haiuzuii wote.
- Maandishi yametoweka kabisa, kama hayajawahi kuwepo? Uliandika kwa kalamu ya kufutika kwa msuguano. Wino wake hupotea kwa joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, na gari lililoachwa juani au kitu chenye moto karibu kinaweza kufika huko. Habari njema ni kwamba mpokeaji akiiweka kadi kwenye friza yenye baridi kali, maandishi huweza kurudi. Lakini anwani haitakuwa na nafasi hiyo njiani, kwa hiyo usiandike anwani kwa kalamu hiyo kamwe.

Mkaa na chaki za rangi ni jambo jingine. Hazijashikana na karatasi, ni vumbi lililotulia. Gonga kadi kwa nyuma vumbi la ziada lidondoke, kisha puliza dawa ya kukaza rangi kwa tabaka mbili nyepesi, ukiwa umbali wa sentimita 30 hivi. Tabaka moja zito hutia madoa. Usipulize upande wa anwani, kwani muhuri na wino wa mashine haushiki juu ya uso uliopakwa.

*Simama hapa:* pulizia nje, mbali na moto wowote. Ukisikia kizunguzungu, kifua kubana au macho kuwaka, acha, toka kwenye hewa safi, osha macho kwa maji mengi, na hali isipotulia nenda hospitali. Mwenye pumu asiifanye kazi hii mwenyewe.

Stempu imeanguka, au imekataliwa

Ilianguka kwa sababu uliibandika juu ya rangi nzito, nta au karatasi inayoteleza. Acha kona ya juu kulia ikiwa karatasi tupu tangu mwanzo. Kama imekataliwa, huenda uliipitishia selotepu au tepu ya mapambo ili ishike. Posta nyingi huihesabu stempu iliyofunikwa kuwa haifai, kwa kuwa muhuri hauwezi kuiua, yaani kuigonga isitumike tena. Stempu iliyochanika, au iliyong'olewa kwenye barua nyingine, haina haja ya maelezo.

Muhuri ukitua juu ya mchoro wako, hilo si tatizo. Wapo wanaokusanya kadi kwa ajili ya muhuri huo.

Printa inakwama ukiilisha manila

Tumia njia ya nyuma au trei ya mkono ili karatasi ipite bila kukunjwa sana, na katika mipangilio chagua "karatasi nene". Lisha moja moja. Angalia pia uzito wa juu ambao printa yako inaruhusu, umeandikwa kwenye kijitabu chake.

*Simama hapa:* usiingize karatasi ya kung'aa ya printa ya wino kwenye printa ya leza, wala kadi uliyokwisha ipaka nta au gundi. Sehemu inayokaza tona hufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na utando wa karatasi hiyo utayeyukia ndani. Ukisikia harufu ya kuungua, zima, chomoa waya, uiache ipoe. Usichokonoe kwa kisu. Mwite fundi.

Imefika salama, ila mpokeaji anauliza ni ya nani

Hukuandika jina. Inatokea zaidi ya unavyodhani: mtu hutumia saa tatu kwenye mchoro, nafasi ya ujumbe inaisha, naye anaamini mwandiko wake unajulikana. Andika jina lako kwanza, chini kabisa ya nusu ya kushoto juu ya ule ukanda mtupu, kisha ujumbe uujaze kutoka juu kuliendea.